Stata imepona, wasukumaji wamerudi kwao

Leo nimejitengenezea mwenyewe stata ya gari, na nimejuta.

Mnalijua lile haisi langu kuukuu la kubebea maharage ya Makere. Tangu masika haliwaki kwa ufunguo. Kila asubuhi ni kusukumwa.

Jana nikaishusha stata, nikaifungua hapa hapa barazani. Kaboni za ndani zimeisha kabisa! Nikaweka mpya, asubuhi hii nikaifunga.

Nikazungusha ufunguo.

Likawaka mara moja. Nikapiga kelele kama mwehu.

Kugeuka, Mama Jeni wa jirani ameshafika uani, kitenge kakikaza kiunoni, tayari kusukuma. Nyuma yake wanawe wawili na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara.

"Mwakeye!" akaniamkia kwa Kiha. "Kumbe limepona?"

"Limepona, mama."

"Haya, Mungu mkubwa. Hutusumbui tena."

Wakacheka, wakarudi makwao.

Nikabaki na muungurumo wa injini.

Jamani, tangu nimzike mke wangu, nyumba hii haina wa kuniamkia. Wanaonisalimia asubuhi ni hao hao wasukumaji.

Nikazima gari. Nikaingia chini yake, nikachomoa waya wa stata.

"Mama Jeni! Njooni, limegoma tena!"

Wamekuja mbio. Hata gari hawajaligusa, Mama Jeni ananiuliza, "Lakini wewe, chai umekunywa?"

Chekeni tu. Ila atakayemwambia kuhusu ule waya, mimi na yeye tusijuane.