Bodi ya Wageni Uriri

Mnyororo wa pikipiki ulikatika tukiingia Uriri, saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa, shule zikiwa zimefungwa. Nilikuwa safarini kwenda Homa Bay. Uriri niliijua kwa kibao cha barabarani tu. Dereva alikokota chombo chake kwenda kwa fundi, nami nikasimama kwenye kivuli cha ukumbi wa kanisa, nyuma ya soko. Sikumaliza hata kujipangusa vumbi. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, leso imefungwa kiunoni juu ya gauni la ofisini, alitoka mlangoni akanipima kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe si wa hapa."

"Mimi ni mpita njia, mama."

"Una mtu yeyote Kanyamkago hii, eneo letu hili? Shangazi? Shemeji?"

"Sina."

"Vizuri sana. Ingia. Leo wewe ni bodi."

Ndani kulikuwa na vijana kumi na watatu kwenye mabenchi. Wengine walikuwa bado kidato cha nne, wengine walimaliza mwaka jana au mwaka juzi, na karibu wote walivaa sketi au suruali ya sare, kwa sababu ndiyo nguo safi waliyokuwa nayo. Mbele kulikuwa na meza, na nyuma ya meza mwanamume mnene aliyenisogezea kiti.

"Mokua, kutoka Kisii," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nilikuja kuuza dawa ya kupe. Sasa mimi ni meneja wa benki."

Mwanamke aliyetukamata aliitwa Filister. Kwa miaka sita amekuwa akiwaandaa vijana wa Uriri kwa mahojiano ya kazi, na bodi yake huitoa barabarani: wachuuzi, wahubiri, madereva wa lori, yeyote asiyejulikana. "Mwalimu wao nikimweka hapo atawahurumia," alisema. "Mjomba wao atawacheka. Kule ofisini atakaa mtu ambaye hamjui yeyote kati yao. Kwa hivyo nyinyi kaeni hivyo. Msicheke, msiseme pole."

Wa kwanza alikuwa Maxwell, kijana mpana wa mabega, shati amelichomekea vizuri. Mokua akamwambia ajieleze.

"Mimi naitwa Maxwell. Baba yangu ni mzee Jared. Kwetu ni pale juu karibu na shule ya msingi. Babu yangu ndiye alitoa kiwanja cha hiyo shule. Tumezaliwa saba."

Alikuwa amemaliza.

"Kazi tumempa babu yako," Filister alisema kutoka nyuma. "Mwambie aripoti Jumatatu."

"Babu alikufa, madam."

"Basi tumepoteza mfanyakazi mzuri. Na wewe je?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na Mokua akaangalia dari ili atimize amri ya kutocheka. Nikamuuliza Maxwell amekuwa akifanya nini tangu amalize shule.

"Hakuna. Niko tu nyumbani."

Filister alikuja mbele. "Kinu cha mama yako cha kusaga, nani anakiwasha asubuhi?"

"Ni mimi."

"Mkanda ukikatika?"

"Ni mimi naweka mwingine."

"Ile wiki injini ilikataa, fundi wa Migori akaja akashindwa?"

"Niliifungua. Njia ya mafuta ilikuwa imeziba."

"Na akina mama wakigombania foleni?"

"Si ni mimi nawatuliza."

"Hiyo ndiyo unaita kukaa nyumbani? Toka nje, urudi ukiwa mtu anayeendesha kinu. Na hiyo 'mimi' nataka niisikie. Nitahesabu."

Alitoka, akarudi. Macho yalikuwa bado sakafuni, lakini alisema kinu, akasema injini, na Filister akainua vidole vinne.

Nimekaa mbele ya meza za maofisa katika nchi kadhaa, nikijieleza kwa lugha nilizozijua nusunusu, na nimeona watu wakijitia sifa za kila aina. Sijaona mahali watu wanaficha nguvu zao kwa adabu kama hapa. Mgeni akiingia boma la Kanyamkago anataka kujua wewe ni mtoto wa nani, na kumjibu hivyo ni kumheshimu. Kazi ya nyumbani haiitwi kazi, na anayejitaja sana anaonekana hana malezi. Mtoto aliyelelewa vizuri huingia kwenye chumba cha mahojiano na malezi yake yote, na anatoka bila kazi. Filister hakubaliani na wanaosema basi malezi ndiyo mabaya. Anasema ni kama viatu: kuna vya shambani na vya ofisini, na mtu mwenye akili huwa navyo vyote viwili.

Tulipopumzika kwa chai na viazi vitamu, alitusimulia mwenyewe alikotoka. Alizaliwa Uriri, akaacha shule kidato cha pili, akamfuata dada yake kisiwa cha Remba, katika Ziwa Victoria, kwa kazi ya omena, yaani dagaa. Remba ni mwamba mdogo uliojaa nyumba za mabati mpaka majini. Wanawake hununua omena kutoka kwa mashua, wanazianika, wanaziuza. Tatizo ni kwamba wanawake ni wengi, samaki hawatoshi, na mashua ni za wanaume. Kwa hiyo mvuvi humchagua mwanamke wa kumuuzia kwanza, na mwanamke huyo hulipa mara mbili, mara ya pili kitandani. Mvuvi wa aina hiyo huitwa jaboya. Mwanamke akishuka kisiwani huulizwa jaboya wake ni nani, kama vile mtu anavyoulizwa atalala wapi.

"Niliulizwa siku ile ile," Filister alisema. "Nikasema sina na sitafuti. Wakasema, huyu atarudi kwao kwa wiki moja. Nilikaa miaka kumi na tisa."

Alinunua mabaki, omena zilizopondeka, za kulishia kuku. Alisimama majini mpaka kifuani akiita mashua zilizokuwa zimeshaahidiwa wengine. Alitukanwa. Mwaka wa saba, yeye na wanawake wawili walipata mashua kuukuu yenye viraka, na wakahitaji wavuvi.

"Nikaweka kiti pale ufuoni. Wakapanga foleni, wale wale. Nikawauliza, kwa nini nikuchukue wewe nisimchukue mwenzako? Weh! Mwanamume mzima anajikuna kichwa. Mmoja akanitajia babake!" Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hapo nikajua intavyu ni kitu mtu anafundishwa. Na nikajua pia kwamba mwenye kukaa nyuma ya meza si lazima awe mtu mzuri. Kwa hivyo nawafundisha mambo mawili. Namna ya kujibu, na namna ya kuinuka utoke."

Mama yake alipougua alirudi Uriri kumtunza, akamkuta mpwa wake ameshindwa mahojiano matano. Darasa lilianza na huyo.

Saa nne na nusu, simu ya Valary ililia.

Valary alikuwa amekaa karibu na dirisha tangu asubuhi, kimya, bahasha mapajani. Ana miaka kumi na tisa. Kemia ndilo somo alilolipenda shuleni, na alikuwa ameomba kazi ya msaidizi wa maabara katika kampuni moja ya kusindika samaki huko Homa Bay. Raundi ya kwanza alipita wiki iliyotangulia. Ya mwisho ilikuwa siku hiyo, saa nane mchana, na darasa zima lilijua, maana Filister alikuwa ameliandika jina lake ubaoni pamoja na saa.

Alisoma ujumbe, akampelekea Filister simu. Filister akamtazama kwanza, na Valary alipotikisa kichwa kukubali, akausoma kwa sauti. Ulitoka kwa ofisa aliyemhoji wiki ile. Mahojiano ya ofisini yameahirishwa. Aje saa kumi na moja jioni kwenye gesti fulani, chumba namba tisa, peke yake. Asiogope, kazi ni yake.

"Labda ofisi imejaa," alisema mzee Omanga. Huyu ndiye mzee wa kanisa aliyempa Filister ufunguo wa ukumbi. Alikuwa ameketi nyuma na chai yake.

"Mzee, chumba namba tisa kina kitanda," alisema Joyline, msichana wa kidato cha nne, na hakuna aliyecheka.

Omanga aliweka kikombe chini. "Filister, sikiza. Kijana wangu Cliff anafanya kazi huko. Kuna watoto wengine wawili wa hapa. Ukienda kupiga kelele kwa geti ya watu, kesho hakuna mtu wa Uriri ataitwa tena. Huyu msichana akae tu. Kazi zitakuja zingine."

"Zitakuja na vyumba vingine."

"Basi hayo si mambo ya ukumbi wa kanisa. Mkienda, ufunguo uniachie, na hili darasa lako utafute kwingine."

Filister alimgeukia msichana.

"Nyathina, mtoto wangu, hii kazi ni yako, si yangu. Ukisema tukae, tutakaa, na hakuna mtu atakucheka hapa. Ukisema twende, tutaenda. Mzee na mimi tutamalizana. Unasema nini?"

Valary alisimama. "Nampigia."

"Weka spika."

Sauti iliyoitika ilikuwa tamu kama ya mtangazaji wa redio. "Valary! Umepata ujumbe?"

"Nimepata. Mimi niko na barua imesainiwa na meneja. Inasema saa nane, ofisini. Mimi nitafika saa nane."

"Kwani hujaelewa? Imebadilishwa."

"Basi meneja aniambie mwenyewe. Mimi nimejitayarisha, swali lolote nitajibu. Lakini niulizwe ofisini, na watu wakiwa."

"Wewe msichana, hii kazi unaitaka ama huitaki?"

"Naitaka. Ndio maana nakuja mchana."

Simu ilikatwa upande wa pili. Joyline alipiga kofi moja la nguvu, kisha ukumbi wote ukafuata, Maxwell akigonga benchi kwa ngumi.

"Mimi naelekea Homa Bay," Mokua alisema, akitafuta funguo za gari mifukoni. "Nikipanga yale maboksi ya dawa, watu wawili wanaingia."

Filister alifungua leso kiunoni, akaikunja. Alimpa Omanga ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mzee kitu.

"Asante kwa miaka sita, mzee. Viti ni vya kanisa, vitabaki. Hiyo meza nilinunua mimi. Vijana, itoeni nje."

Wavulana wanne waliibeba mpaka kwenye nyasi kando ya ukumbi. Omanga aliwafuata hadi mlangoni.

"Na akikosa hiyo kazi, Filister? Umefikiria?"

"Akikosa, atakosa ofisini, akiwa amevaa viatu."

"Na Cliff wangu?"

Hapo alisita. Alirudi hatua mbili, akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Cliff alipita kwenye meza hiyo, mzee. Mpigie. Muulize kama yeye aliitwa chumba namba ngapi."

Mzee aliugeuza ufunguo kiganjani.

Filister akanijia mimi. "Mgeni, wamebaki kumi na wawili, na wote wamekuja kwa miguu, wengine kutoka mbali. Bodi sasa ni wewe peke yako. Unaweza?"

"Nitajaribu," nikasema.

"Ooyo, hapana! Hatujaribu hapa. Unaweza ama huwezi?"

"Naweza."

Aliingia nyuma ya gari, katikati ya maboksi ya dawa ya kupe, magoti yamemfika kidevuni. Valary alikaa mbele na bahasha yake. Mokua akapiga honi mara mbili bila sababu, na gari likashika barabara ya Rongo, Filister akiwa tayari ameinamia kiti cha mbele, kidole juu, akimuuliza kitu ambacho hatukukisikia. Tulimwona Valary akijibu. Omanga alikuwa bado mlangoni na ufunguo mkononi, hajafunga, na kwenye nyasi vijana walikuwa wameanza kubishana ni nani anafuata.