Jina Lililotoka kwenye Filamu ya Vibao

Kiti cha Kasuku kilifika karakana kimebebwa na vijana wawili, mwenyewe akiwafuata mikono mitupu, anaongea. Mdomo wake haujui likizo.

“Pipa, dada yangu, nivishie hiki kitambaa chekundu. Jumamosi mchana nakaa mbele ya watu. Tunaionyesha tena filamu ya vibao. Ukumbi uleule, mkanda uleule, na mimi yuleyule.”

Mwanamke aliyeitwa Pipa alikuwa na misumari midogo mdomoni, kama walivyo mafundi makochi, kwa hiyo hakujibu. Kasuku akadhani amekubali, akaondoka akipiga mluzi. Nyundo ikashuka pigo moja tu, msumari ukazama wote, na ubao wa kochi la mtu ukapasuka. Fundi yule hakuwa na desturi ya kupasua mbao za watu.

Karakana aliachiwa na mjomba wake. Humo ndimo alimokulia, akajifunza kulivua kochi nguo zake kuukuu bila kulichana na kubana springi kwa goti. Ndani ya makochi amekuta vitana, funguo, hata meno ya bandia. Huwa haulizi. Anavitia kwenye mfuko, anamrudishia mwenyewe pamoja na kochi lake. Mtaa mzima unamjua, na wateja wageni hupiga hodi wakiuliza, “Hapa ndipo kwa Pipa?” utadhani mama yake alimzaa akamwita hivyo.

Mama yake hakumwita hivyo. Jina lilitoka kwenye filamu.

Zamani hizo ukumbi wa video ulikuwa mmoja, na filamu zote zilisema lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Kasuku naye hakuielewa, lakini hilo halikumzuia kuitafsiri. Alikaa pembeni ya televisheni, maiki mkono huu, rimoti mkono ule, akawasemea waigizaji wote, wazee kwa watoto, hadi mbwa. Filamu ya vibao ilikuwa ya vijana wanaoteleza mitaani juu ya vibao vya magurudumu, wanaruka ngazi, wanafukuzwa na walinzi. Ndani yake alikuwemo msichana mmoja mnene. Anapanda ubao juu ya mteremko, anayumba, anaanguka, anabingirika. Siku ya kwanza Kasuku aliangaza macho gizani, akamwona msichana mnene wa mtaani kwake amekaa benchi la mbele, akasema kwenye maiki, “Jamani, si mtoto wa mama muuza mkaa huyo? Pipa linabingirika.”

Watu walivunjika mbavu. “Rudisha,” wakapiga kelele, “rudisha.” Kasuku akabonyeza rimoti, msichana akapanda mteremko kinyumenyume, akaanguka upya. Rudisha. Akaanguka tena. Kila onyesho likawa hivyo. Na kwa kuwa watu wa onyesho linalofuata walikuwa nje wanagonga bati, Kasuku alifidia muda kwa kuupeleka mkanda mbele mbiombio, mpaka kwenye ugomvi wa mwisho. Hakuna aliyelalamika.

Ambalo Kasuku hakulisema kwenye maiki ni kwamba yule msichana wa benchi la mbele aliwashinda wavulana wote kwa ubao. Filamu ilipoingia, mtaa mzima ulichonga vibao na kuvifunga beringi za gereji ziwe magurudumu. Yeye alichonga chake kwa mabaki ya mbao za mjomba, na mteremko wa nyuma ya soko aliushuka wote, amesimama. Lakini baada ya siku ile, kila alipoweka mguu juu ya ubao, mtu alisema, “Pipa linabingirika.” Hata asipoanguka, walicheka kana kwamba ameanguka. Akausukumia ubao uvunguni mwa kitanda. Mjomba akaja kuupasua, akatengenezea mguu wa kochi.

Akaolewa akiitwa Pipa. Mumewe alipofariki, mtu alisimama msibani, sura imemlegea kwa huzuni, akatoa pole “kwa Pipa na mwanawe.” Alizipokea. Angefanyaje?

Jioni ya siku ile Kasuku alipoleta kiti, fundi alikuwa akifagia chumbani, ufagio ukagonga kitu uvunguni. Akainama. Ulikuwa ubao wa binti yake, ule wa beringi ambao mtoto alikuwa hauachi hata akitumwa chumvi.

“Mbona umeuficha?”

“Umechakaa.”

“Juzi ulikuwa haujachakaa.”

Binti akatazama ukuta. “Wananiita Kipipa. Tangu lile tangazo la filamu.”

“Nani?”

“Wote.”

Mama akakaa kitandani na ufagio wake. Hasira aliyoimeza miaka nenda miaka rudi ikakataa kukaa tumboni. Jina lilimpata yeye, haya. Lakini kumrithisha mtoto, kama vile ni kabati la marehemu bibi?

Asubuhi akaenda moja kwa moja kwa kinyozi. Kasuku alikuwa kitini, taulo shingoni, povu kidevuni.

“Filamu kama ile hawatengenezi tena,” kinyozi alikuwa akisema. “Ile ndiyo iliyotulea.”

“Nimeona vipande kwenye simu,” akasema kijana aliyesubiri zamu. “Ni watoto wanaruka ngazi tu, mjomba. Na wasichana wake wamewekwa kama mapazia.”

“Wewe hukuiona na Kasuku. Bila Kasuku ni chai bila sukari.”

Kasuku akatikisa povu kukubali. Ndipo alipomwona aliyesimama mlangoni.

“Kaka, Jumamosi lile jina usilitaje.”

“Jina lipi tena?”

“Unalijua.”

“Aa, Pipa. Utani wa zamani huo, dada. Wewe ndiye filamu yenyewe, watu wanakupenda.”

“Mwanangu ameficha ubao wake.”

“Mwambie azoee. Wewe si ulizoea?”

Kinyozi akauacha wembe hewani.

“Nilinyamaza,” akasema yule mama, sauti yake chini kabisa. “Kunyamaza na kuzoea si ndugu. Sasa sikiliza. Kiti chako nimeshakivua nguo, zimebaki springi. Ukilitaja, utakalia hivyohivyo.”

Kijana wa zamu akacheka. Kasuku hakucheka. “Basi. Haki ya Mungu silitaji.”

Fundi akakivisha kiti kitambaa chekundu, kikatulia kama ngozi yake. Alitamani kusahau msumari mmoja, ncha juu, lakini mkono ulikataa.

Jumamosi madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa vitambaa vyeusi. Wavulana wa zamani walikuja na vitambi vyao, wamewashika watoto mkono, wanawaonyesha wapi walikuwa wakikaa. Yeye akakaa benchi la mbele, lilelile, na binti yake ubavuni. Mtoto hakutaka kuja. “Twende,” mama alimwambia, “ukalione jina linavyozikwa.”

Mteremko ukatokea. Msichana akapanda ubao, akayumba. Kasuku akafumba mdomo, kama alivyoapa. Msichana akaanguka.

“Pipa linabingirika,” ukasema ukumbi mzima kwa pamoja, kama wanafunzi wanaokariri. Kinyozi sauti yake ilikuwa juu ya zote. Baba mmoja alimpiga mwanawe kiwiko amwelekeze benchi la mbele. “Rudisha. Rudisha.”

Binti akainamia magoti yake. Kasuku akamtazama mama mtu, mabega juu, maana yake si mimi, umesikia mwenyewe. Lakini kidole gumba kilikuwa tayari kwenye rimoti. Kilikwenda chenyewe.

Mama akasimama, akamnyang’anya.

“Iache iende.”

Ikaenda. Msichana amelala chini. Wavulana wanamkimbilia, na hakuna anayecheka. Miaka yote hii mama alijua kwamba wavulana wale walimcheka, maana alikisikia kicheko kwa masikio yake. Kumbe kicheko kilikuwa cha humu ndani. Mvulana mmoja ananyoosha mkono kumwinua. Msichana anausukuma, anainuka mwenyewe, anatia ubao kwapani, anarudi juu.

“Peleka mbele,” mtu akadai.

Rimoti haikusogea. Msichana akapanda, akajisukuma, akashuka. Aliyumba, akajiweka sawa, akashuka mteremko wote mpaka barabara ilipoishia, na kamera ikamfuata muda mrefu bila neno, magurudumu tu. Kasuku alikuwa na maiki mdomoni bure. Sehemu hiyo hakuwahi kuitafsiri.

“Hii wameongeza,” ikatoka sauti nyuma. “Zamani haikuwepo.”

“Mkanda ni uleule,” Kasuku akajibu, amesahau kwamba maiki iko wazi.

“Uliijua?” mama akamuuliza.

“Niliiona mara moja, siku ya kuujaribu mkanda. Dada, watu walitaka kucheka.”

“Na mimi nilitaka kushuka.”

Hilo nalo lilipita kwenye maiki, likaenda hadi benchi la mwisho. Akaitupa rimoti juu ya kile kitambaa chekundu, akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Nje, muuza ndizi akamchangamkia. “Pipa, imeisha mapema?”

Akasimama. “Mimi naitwa nani?”

Muuza ndizi akacheka, akingoja utani umalizike. Haukumalizika. “Si Pipa?”

Akamtajia jina lake, lake na la baba yake, taratibu. “Rudia.” Yule akarudia, ndizi mkononi. Kisha muuza mayai. Kisha fundi baiskeli, aliyekosea la baba, akarudishwa mwanzo. Njia nzima ikawa hivyo, na hakutabasamu popote.

Nyumbani aliuvuta ubao kutoka uvunguni, akampa mwenyewe.

“Watasema,” binti akasema.

“Waseme. Nitakuwepo.”

Wakaenda nyuma ya soko. Wavulana walikuwa wamejaa pale chini. Binti akaweka mguu mmoja juu ya ubao. Mama akasimama nyuma yake, juu ya mteremko, nyundo ya kazi mkononi, na msumari wa kupigilia hakuwa nao.