Fremu ya Mtu Mmoja

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja na malori yao hadi uani kwetu, nilijiona sina haja tena ya baiskeli ya kupelekea magunia chama cha ushirika. Nikaishusha Mbinga mjini, nikabadilishana na mfanyabiashara aliyeleta baiskeli za resi za mtumba. Ujinga wangu ulianzia hapo: nilisahau kwamba kwetu baiskeli hubeba na wagonjwa.

Ile ya zamani ilikuwa ndefu, uma unaoshika gurudumu la mbele umelala, usukani uko kifuani. Ilikwenda kivivu lakini ilimeza mashimo. Hii mpya ilikuwa fupi, magurudumu yamekaribiana, uma umesimama wima, usukani chini kuliko kiti. Kwenye tambarare iliruka. Kwenye changarawe ilinitetemesha mpaka viganja vikafa ganzi, nami nikajisifu kwamba huo ndio mwendo. Fundi niliyempelekea anifungie keria alinionya, "Kaka, fremu hii ni ya mtu mmoja." Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia afunge.

Kisha baba akashikwa na homa iliyomlaza siku nne. Alikuwa amekonda, mwepesi kuliko gunia la mahindi. Asubuhi nikampakia kwenda hospitali ya Litembo. Keria ilitokeza nyuma mno, kwa hiyo kila tulipopanda kilima gurudumu la mbele liliinuka, na kwenye mteremko usukani ulicheza ovyo. Visigino vyangu vilimgonga miguu kila nilipozungusha pedali. Tulianguka mara mbili. Mara ya pili akakaa ukingoni mwa shamba, anahema.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye mzito. Acha nitembee."

Nilijua ni fremu. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba nilitoa usafiri wake kwa ajili ya maringo yangu. Niliona haya, nikanyamaza. Akatembea, mkono begani mwangu, tukafika jua limeanza kushuka.

Alipona. Baadaye nikanunua tena baiskeli ndefu, imara, na kila Jumapili nilimwambia, "Baba, panda nikupeleke kanisani."

"Hapana, mwanangu. Nitakuumiza, mimi mzito."

Basi alikwenda kwa miguu, nami nikiikokota baiskeli pembeni yake, miaka sita, mpaka tulipomzika. Sikumwambia.