Fundi Kasema Iko Amani

Sikumpiga yule fundi, ingawa wapo mpaka leo wanaosema nilimpiga. Nilichokipiga ni mtutu wa bunduki. Alikuwa ameilaza bunduki yetu juu ya meza ya kioo dukani kwake, Nizwa, mdomo wake umeelekea kwa mwanangu, huku ananieleza kwa kicheko kwamba mama yangu hajui Kiswahili.

Mwanangu ana miaka minne. Kichwa chake kinafika sawasawa na ile meza. Alikuwa anakula halwa aliyopewa na mmoja wa wazee waliokaa kwenye benchi, kidole kinywani, na lile tundu jeusi linamtazama usoni. Sikufikiri. Niliupiga ule mtutu kwa kiganja, bunduki ikazunguka, ikagonga birika, kahawa ikaishia kwenye baibui langu na kwenye kanzu nyeupe ya fundi.

"Taratibu, ukhti," akasema mzee mmoja. "Silaha ina heshima yake."

"Na mwanangu hana?"

Mume wangu akanivuta mkono wa baibui, vile anavyonivuta sokoni akitaka twende zetu. Nikauchomoa. Nilikuwa nimeshashiba ushauri wa watu juu ya bunduki, kila mmoja na wake, na kila mmoja anautoa akitabasamu. Pale ndipo uliponifika hapa, shingoni.

Bunduki yenyewe hatukuinunua. Ilikuwa ya babu yake mume wangu, mtu wa Ibra, imetundikwa kwenye majlisi, sebule ya wageni, tangu mimi sijazaliwa. Babu alipofariki akarithi mume wangu, kibali kikaandikwa jina lake, kila kitu halali. Ikaja kwetu Birkat al Mauz imefungwa blanketi kama mgonjwa. Mimi sikuitaka ndani. Nilisema siku ya kwanza, nikasema siku ya pili, na kila nikisema mume wangu ananijibu jibu moja: "Hii ni chuma tu. Haifunguki hata komeo lake la kutilia risasi. Mtoto ataumizwa na nini, na kutu?"

Hapo nilimkubalia, maana kweli ilikuwa haifunguki. Lakini ikatokea harusi ya binamu yake, Ibra, na kwenye harusi za kwao wanaume wanasimama safu mbili na mapanga na bunduki zao, wanaimba, wanajibizana. Mume wangu hakutaka kusimama mikono mitupu. Akaamua kuipeleka Nizwa kwa fundi aitengeneze, na akishaitengeneza aende kuijaribu.

Tulikwenda Ijumaa asubuhi, sote, na mama yangu pia, kwa sababu anakaa na sisi na Ijumaa haachwi nyumbani mtu. Mume wangu akatuingiza dukani tukae kwenye ubaridi. Lilikuwa limejaa wanaume wasionunua chochote. Wamekuja kunywa kahawa na kusema.

Waliponiona na mtoto, wakaanza. Mmoja akaniambia bunduki ikae chini ya godoro upande wa mwanamume, mwizi akija isiwe kazi kuitafuta. Mwingine akasema risasi zisitenganishwe nayo, ukizitenganisha siku ya haja huzioni. Wa tatu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, akamwonyesha mwanangu kwa fimbo yake.

"Huyu mwacheni aishike. Mtoto ukimkataza kitu ndiyo anakitamani."

"Kwa hiyo na moto nimwache aushike?" nikamuuliza.

Wakacheka. Mwenye hina akamwambia mume wangu kwa Kiarabu, kama vile mimi sikusoma, "Mkeo ana ulimi." Nimesoma mpaka sekondari, na kwa Kiarabu, na nikamjibu kwa hicho hicho kwamba ninao, na meno pia.

Fundi alikuwa kijana, labda sawa na mimi. Amezaliwa huku huku, wazazi wake wa Pemba. Alipomsikia mama anazungumza na mimi, akaacha kazi, akaja mbele.

"Shikamoo, bibi."

Yakaisha. Mama yangu ukimwamkia hivyo katika mji ambao vijana wanampungia mkono tu, umeshamnunua. Alikulia Unguja mjini, na Kiswahili chake ni kile cha barazani, kila neno limepigwa pasi. Cha yule fundi kilikuwa cha kuokoteza: gari "kikubwa", watu "zuri", akikosa neno anatia la Kiarabu na kuendelea. Mama hakujali. "Marahaba, mwanangu, marahaba," na kumuulizia wazazi wake, na kumwombea dua.

Kazi ilipokwisha, mume wangu alikuwa nje, ameitwa akaondoe gari kwa sababu limeziba njia ya watu wanaopeleka mbuzi mnadani. Fundi akaichukua bunduki, akalivutavuta komeo lake, klak, klak, akageuka na kuitengenezatengeneza kidogo kwenye meza yake ya nyuma, kisha akaileta. Mama ndiye aliyeuliza. Mimi nilikuwa nimemshika mtoto asiguse visu vya kwenye kabati.

"Humu ndani mna kitu, mwanangu?"

"Iko amani, bibi," fundi akasema. "Amani kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema mama.

Nami nilisikia. Nilisikia amani, kama anavyosikia amani mtu yeyote anayezungumza Kiswahili: utulivu, hakuna la kuogopa. Nikapumua.

Nyumbani ilisimamishwa nyuma ya kabati la chumba cha mama, ikisubiri Alkhamisi mume wangu apate nafasi ya kwenda kuijaribu. Nilitaka itiwe kwenye kabati lenye ufunguo. Mama akanikemea.

"Mwana wa watu kasema ina amani. Wewe unataka nini tena?"

Siku moja ya wiki ile nilitoka jikoni, nikamkuta mwanangu kwenye sakafu ya chumba cha bibi yake. Ameilaza ile bunduki juu ya mto, ameifunika kanga mpaka shingoni, yaani mpaka pale mtutu unapoanzia, na anaipigapiga taratibu. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Shh. Mtoto wangu kalala. Ana amani."

Mama alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake, anamtazama, anacheka. Niliichukua ile bunduki nikairudisha nyuma ya kabati, nikagomba kidogo, nikaendelea na wali wangu. Nilivyoishika sijui, wala sitaki kukumbuka vidole vyangu vilipita wapi.

Alkhamisi tulikwenda uwanja wa shabaha, nje ya mji, upande wa Manah. Mama alibaki nyumbani, goti linamuuma. Mume wangu alisema njoo tu utembee, kuna kivuli. Kivuli kilikuwa cha mabati. Kulikuwa na mikeka, magunia ya mchanga, vibao vya shabaha chini ya kilima, na mzee mmoja msimamizi, askari mstaafu, na chupa yake ya kahawa. Kila bunduki inayoingia lazima aikague yeye kwanza, akawa anazikagua moja moja.

Tukisubiri zamu yetu, bwana mmoja wa mkeka wa jirani akaona ninaomba vizibo vya masikio.

"Wanawake hawahitaji," akasema. "Masikio yenu yameshazoea watoto kulia."

"Ya kwako je, yamezoea wanawake kusema?" nikamwambia, nikavichukua. Yeye akamwinamia mwanangu na kumfundisha afungue mdomo wazi kila bunduki ikilia, ati mlio unaingilia sikioni na kutokea mdomoni, hauna madhara. Mtoto akakaa mdomo wazi kama samaki. Mimi nikamvalisha vile vizibo vyangu, nikaziba masikio yangu kwa vidole. Kila mlio ulikuwa unanigonga kifuani, na nilikuwa najiambia, haya yakiisha tunakwenda kunywa juisi, haya yakiisha tunakwenda nyumbani.

Zamu yetu ikafika. Mzee aliipokea bunduki kwa mume wangu, akaielekeza kilimani, akagusa kitufe kidogo cha pembeni, akalivuta komeo.

Kikaruka kitu. Kikaanguka mkekani, kikabingirika, kikasimama karibu na kiatu cha mwanangu. Kidogo, cha rangi ya dhahabu. Yeye akainama akakiokota kabla yetu.

"Mama, rangi yako ya mdomo!"

Ilikuwa risasi, nzima.

Mzee aliichukua mkononi mwake kwa upole, akampa tende badala yake. Kisha akamtazama mume wangu.

"Umeijaza njiani?"

"Hapana. Sina hata risasi. Nilikuwa ninunue hapa."

"Basi ilikuwa wapi?"

Nikajibu mimi. Nikamwambia ilikuwa nyumbani, nyuma ya kabati, tangu itoke kwa fundi. Nikamwambia fundi alisema iko amani. Mzee akafumba macho.

"Amaan," akasema, akalivuta lile neno kwa Kiarabu chake, akanionyesha kile kitufe cha pembeni. "Hiki. Sisi hiki ndicho tunachokiita amaan. Kikiwa huku, bunduki haifyatuki. Bunduki inakuwa na amaan kwa sababu ina risasi ndani, binti yangu. Tupu ingetaka amaan ya nini?" Akakisukuma kitufe kwa ncha ya kidole kidogo, huku, kule. Hakikutaka nguvu yoyote. "Hata kanga ikikikwaruza kinasogea."

Kanga hiyo aliisema kwa kubahatisha tu, maana ndilo neno alilolijua la nguo ya kike ya watu wetu. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Tulirudi bila kupiga hata moja. Kwenye gari mume wangu alikuwa ameushika usukani kama mtu anayejifunza kuendesha. Nilipomweleza mama, alisimama, akaenda chumbani kwake, akaikunja ile kanga, akairudisha kabatini, akaitoa tena. Chakula hakula. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani mimi nilimuuliza vibaya?"

Kwa sababu ya swali hilo nikasema Jumamosi tunarudi kwa fundi, na bunduki yenyewe. Mume wangu hakutaka. Mjomba wake anamjua baba wa fundi, wanasali msikiti mmoja. Nikamwambia basi watakuwa na la kuzungumza wakitoka.

Nilikwenda kuuliza tu, wallahi. Nilimweleza fundi taratibu, kwa Kiswahili, mambo yote, mpaka mto na kanga. Nilitarajia ataogopa. Akatabasamu.

"Lakini, dada, mimi sikusema uongo. Nilitia risasi moja kujaribu kama inapanda vizuri, nikaiweka amaan. Nilimwambia bibi. Bibi hakufahamu."

"Alikuuliza kama mna kitu ndani."

"Nikamjibu iko amaan! Sasa kama bibi Kiswahili hajui sana, mimi nifanye nini?" Akawageukia wale wa benchi, nao wakacheka, na huku anacheka akailaza bunduki juu ya kioo anionyeshe kitufe, hiki hapa, dada, tazama, na mtutu ukazunguka mpaka ukasimama mbele ya uso wa mwanangu.

Mengine nimeshayasema.

Kutoka dukani nilikwenda kituo cha polisi moja kwa moja, baibui lina kahawa. Mume wangu alibaki garini na mtoto, bunduki imefungwa nyuma. Askari wa mapokezi alikuwa mpole, na upole wake ulinichosha kuliko ukali. Akaniuliza kuna aliyejeruhiwa? Hapana. Risasi ilitoka? Hapana. Akaweka kalamu chini.

"Basi mshukuru Mungu, ukhti. Fundi ni kijana, ana riziki yake. Neno tu mlipishana."

"Neno alipishana na mama yangu. Risasi aliitia mwenyewe."

Akanitazama. Akavuta karatasi. Nikamwomba niandike mwenyewe, akasita, akanipa.

Niliandika kwa Kiarabu, taratibu, kwa mwandiko wa shule. Kwamba duka hilo lilipokea bunduki kwa matengenezo na kuirudisha kwa wenyewe ikiwa na risasi ndani. Kwamba fundi aliulizwa wazi, na mtu mzima, kama ina kitu, na hakusema ndiyo. Kwamba bunduki ilikaa na risasi hiyo katika nyumba yenye mtoto wa miaka minne, na mtoto aliishika. Kwamba tuliporudi kulalamika, bunduki ilielekezwa usoni mwake mbele ya mashahidi, na wanaweza kuulizwa, wako benchini kila siku. Kwamba naomba duka likaguliwe, na fundi azuiwe kukabidhi silaha mpaka hapo atakapokuwa anaifungua mbele ya mwenyewe na kumwonyesha ndani kwa macho.

Askari alisoma, akafika pale pa mtoto kuishika, akaweka kidole.

"Hapa ukiandika hivi, mumeo naye ataulizwa. Kibali ni chake. Bunduki ilikaa wazi, mtoto akaifikia. Wanaweza kuichukua. Ya babu yake, ulisema?"

"Ndiyo."

"Nenda kamuulize kwanza."

Kupitia mlangoni nilimwona mume wangu. Alikuwa amemkalisha mtoto juu ya boneti, anamfuta halwa vidoleni kwa pembe ya kanzu yake. Harusi ilikuwa wiki inayofuata. Alijua niko ndani naandika nini, na hakuja kunizuia, wala kunisaidia.

Nikamwambia askari hapana haja. Nikaichukua kalamu, na chini ya yale niliyoandika nikaongeza mstari mmoja: kwamba silaha iko nje, ndani ya gari, pamoja na mwenye kibali, na naomba ichukuliwe leo. Nikatia sahihi. Askari akagonga muhuri, akasimama, akavaa kofia yake, akatoka nje kuifuata.