Lango la Buluu la Bibi Tak

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Bibi Tak Sun-im ni kwamba alibisha kwenye lango lake mwenyewe, ingawa aliishi peke yake. Alirudi kutoka sokoni na mfuko wa figili, akagonga bati mara tatu, akangoja, ndipo akaingia.

"Nani yuko ndani, bibi?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu. Nagonga ili aliye nje asikie lango liko wapi."

Kosa lilikuwa langu. Mwaka juzi, nikiwa nimetoka tu chuoni, nilikuwa mmoja wa wachoraji waliopewa na kamati ya mtaa kazi ya kuupamba mtaa wetu wa mlimani hapa Busan, ili watu wasiendelee kuuhama. Ukuta wa Bibi Tak tuliujaza samaki, pamoja na lango lenyewe, mpaka lango likapotea machoni. Lakini nililipenda lile lango la buluu, hivyo nikalichora kwenye ukuta wa nyumba tupu ya jirani, na komeo lake, na kutu yake.

Ikafika siku ya kumbukumbu ya mumewe, ambapo kwa mila zetu marehemu hurudi kula kwake. Jioni Bibi Tak aliandaa samaki na mchuzi wa figili, akasimamisha kijiko cha marehemu kwenye wali, akaacha lango wazi. Alisikia hatua zikipanda ngazi. Zilimpita. Zikasimama kwa jirani.

"Umemhamisha mume wangu bila kibali, wewe msomi," aliniambia.

Nilicheka, mpaka aliponionyesha. Kwenye lango nililolichora, penye komeo, palikuwa na alama ya mkono, mbichi, vidole vinne. Mumewe alipoteza kidole kimoja kwenye karakana ya meli. Niliipaka rangi mara mbili. Ilirudi mara mbili.

Kumbukumbu nyingine ni kesho. Leo nimelifuta lango la uongo bila kuiuliza kamati, na la kweli nalirudishia buluu yake. Bibi Tak amekaa ngazini, anamenya figili.

"Hapo umeruka. Macho umeyaacha chuoni?"

"Naona, bibi. Likikauka litapendeza."

"Nani kakuambia likauke? Rangi ya mwisho utapaka kesho alasiri. Akija alikute bichi."

"Atachafuka mkono."

"Si ndiyo nitajua kaingia kwangu?"

Nimeacha kopo la buluu nyuma ya lango, na brashi juu yake. Bibi Tak ameshaanza kuloweka mchele.