Koti la Marehemu

Maialen Urruty alikuwa na kondoo mia tatu, goti moja zima na ugomvi wa kudumu na upepo wa Wyoming, Marekani. Babu yake alitoka kwenye milima ya Wabaski, huko Ulaya, kuja kuchunga kondoo wa watu. Yeye alichunga wake mwenyewe, akiwatukana kwa Kibaski kwa sababu Kiingereza, alisema, hakina matusi yanayomtosha mnyama mpumbavu kiasi kile.

Aprili hiyo, wakati wa kuzaa, tai alimuua mwanakondoo mmoja. Kule tai haguswi. Sheria imemdekeza kama kitinda mimba. Badala yake serikali hulipa, mradi mkaguzi aione ngozi yenye matundu ya kucha. Malipo yangenunua majani makavu ya kuwavusha kondoo hadi nyasi ziote. Maialen akapiga simu ofisini, akaahidiwa mkaguzi.

Kisha mikono yake ikafanya ilichozoea, kichwa kikiwa bado kinavaa viatu. Bandani kulikuwa na mwanakondoo yatima akilia njaa. Maialen alimchuna marehemu, mabaki akawatupia mbwa, na ile ngozi akamvisha yatima kama koti, miguu kwenye matundu ya miguu, mkia juu ya mkia. Jike aliyefiwa akanusa, akanusa tena, akaipata harufu ya mwanawe, akatulia.

Alasiri akafika mkaguzi, Lyle Stoddard, kijana wa kaunti hiyohiyo, ndani ya koti jipya la serikali.

“Bi Maialen, marehemu yuko wapi?”

“Yule pale.”

Lyle akatazama malishoni. “Yule anakimbia.”

“Anayekimbia ni wa ndani. Wa nje ndiye aliyekufa.”

“Na mwili?”

“Waulize mbwa.”

“Basi mvue ngozi niione.”

“Nikimvua leo, mama atamkataa, amgonge mpaka afe. Rudi baada ya siku tatu, mwanangu.”

“Mwisho wa madai ni leo, Bi Maialen. Nisipoiona, hakuna malipo.”

Maialen akapiga hesabu. Upande mmoja kundi zima lenye njaa; upande wa pili mtoto mmoja aliyekwisha kuzikosa fadhila za dunia kabla hajajua kusimama vizuri. Upepo ulipita katikati bila kushauri chochote.

“Nenda zako,” alisema mwishowe. “Abaki na mama.”

Lyle akakuna kichwa. “Ngoja. Kanuni inasema niione. Haisemi ivuliwe.”

Akalala kifudifudi matopeni, akatambaa hadi chini ya jike, yatima akinyonya, na kuingiza mkono chini ya ngozi.

“Tundu moja… Bi Maialen, amenikanyaga!”

“Usipige kelele, utamshtua mama. Endelea.”

“Mawili… manne! Ni tai!”

Akapiga picha, akainuka akiwa amelowa damu na mafuta ya marehemu hadi kiwikoni. Jike akanusa ule mkono. Akamtazama Lyle kwa huruma ya ajabu. Akamwacha yatima, akamfuata.

“Mbona ananifuata?”

“Unanuka kama mwanawe. Hongera, umezaliwa!”

Lyle akatimua mbio, jike nyuma yake akiita, yatima nyuma ya jike, mbwa nyuma ya wote.

“Vua koti!” Maialen alipiga kelele.

“Ni la serikali!”

“Basi nyonya! Chagua moja!”

Koti likaruka. Maialen akalidaka, akamfunga nalo yatima juu ya lile koti la kwanza. Jike akarudi, akanusa nembo ya serikali kwa mashaka, halafu akasimama. Chini ya makoti mawili, mikia miwili ikaanza kutikisika.

Ndani ya gari Lyle alijaza fomu huku meno yakigongana. “Kuna swali hapa: hali ya mzoga.”

“Andika ukweli.”

Akaandika: *Ananyonya.*

Ofisi ilipiga simu mara kadhaa kuuliza kama kalamu iliteleza. Kila mara Lyle alijibu hapana, ni mzoga mwenye afya njema. Mwishowe wakalipa, labda kwa kuchoka, na lori la majani likapanda kilima siku ambayo Maialen alikuwa ameanza kuwaomba kondoo radhi, kwa Kibaski.