Ndoo ya Mama Zuhura na Ua la Uzioni

Vijana mnaosoma, mcheni Mungu, kisha mnicheke. Ua la kutambaa alilopanda marehemu mume wangu uzioni hapa Nkuhungu lilichanua kiangazi chote, nami nikajisifu kwa majirani kwamba mkono wangu una baraka.

Maji yalikuwa shida, nikalitia pipa langu kufuli. Alfajiri moja nikamwona mpangaji wangu, Mama Zuhura, akipita na ndoo. Sikujiuliza amefunguaje. Nikapiga kelele, "Mwizi wa maji!" Majirani wakajaa.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Haya nimesuuzia nguo. Kila siku nanyweshea ua lako shinani. Wewe unalowesha majani tu."

Nilimshukuru mbele yao wote, kisha nikawaamuru wa nyumbani kwangu: "Toeni kufuli, na Mama Zuhura achote kwanza."